Aliyekula fedha za upatu kafiwa: je, tumchangie?

Ndugu msomaji, kuna simu ambazo mtu aishiye ughaibuni huzitambua hata kabla hajazipokea. Simu inayolia alfajiri kutoka nyumbani ni mojawapo. Majira ya baridi yaliyopita, hapa Thamesmead, kusini mashariki mwa London, tulipata habari ya namna hiyo: mama mzazi wa mtu tunayemfahamu sote amefariki dunia Tanzania.

Kwa kawaida jambo kama hili halina mjadala. Ujumbe huzungushwa, mtu mmoja hufungua daftari, na kabla usiku haujaingia kila mtu ameshaahidi chake. Mwenye pauni ishirini anatoa ishirini, mwenye kumi anatoa kumi, na asiye na kitu anakwenda kukaa na mfiwa. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini safari hii ujumbe ulifika kwenye simu zetu ukakaa kimya. Kila mtu aliusoma, hakuna aliyejibu.

Sababu ya ukimya ule ilijulikana. Miaka miwili nyuma tulikuwa watu kumi katika mchezo wa upatu. Kila mwezi kila mtu alitoa pauni 100, na mwenye zamu akaondoka na pauni 1,000. Upatu hauna benki wala riba. Una kijumbe mwenye daftari na una uaminifu, basi. Ndugu yetu huyu aliomba apewe zamu ya pili kwa kuwa alikuwa na shida ya haraka. Akapewa. Mwezi wa tatu hakuleta fedha. Mwezi wa nne simu yake haikupatikana. Watu wanane waliobaki wakapokea pauni 900 kila mmoja badala ya 1,000. Ukijumlisha, aliondoka na pauni 800 za wenzake.

Mtu anaweza kusema mia moja pungufu si kitu. Lakini dada yetu aliyekuwa na zamu ya mwisho husafisha maofisi usiku katikati ya jiji, na hurudi na basi la alfajiri wakati wengine ndiyo wanaamka. Fedha zile zilikuwa karo ya mwanawe nyumbani, na mtoto alichelewa kufungua shule wiki tatu. Kibaya zaidi, mdaiwa wetu hakuomba radhi. Tulipokutana naye kituo cha treni cha Abbey Wood aligeuza uso kama hatujui. Kisha tukasikia anatusema kwa watu kuwa sisi ni wambea, tumemwonea wivu.

Sasa mtu huyo kafiwa na mama. Je, tumchangie?

Swali hili ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Kati ya sisi tisa tuliobaki, sita ni Wakristo wa kila Jumapili. Kuimba kuhusu upendo tunajua sana. Lakini siku ile ilitubidi tujiulize kama tunayoyaimba yanamhusu pia mtu aliyetuibia na kututukana.

MJI UNAOJUA UCHUNGU

Kwa wasioujua, Thamesmead ni mji uliojengwa na Halmashauri Kuu ya London ya wakati ule juu ya ardhi ya kinamasi kando ya mto Thames. Wakazi wa kwanza waliingia mwaka 1968. Kwa kuwa mafuriko makubwa ya mwaka 1953 yaliua zaidi ya watu 300 nchini Uingereza, wajenzi waliogopa maji, na nyumba za mwanzo ziliinuliwa kiasi kwamba watu hawakulala ghorofa ya chini. Kulikuwa na madaraja ya kutembelea yaliyounganisha nyumba na nyumba, pamoja na mifereji na maziwa. Leo mji umegawanyika kati ya manispaa za Greenwich na Bexley, na Waafrika ni wengi, hasa kutoka Nigeria na Ghana. Jumapili asubuhi utawaona kina mama na vilemba vyao wakielekea ibadani, baadhi katika kumbi za kukodi.

Lakini Mwafrika hakupokewa hapa kwa maua. Tarehe 21 Februari 1991 kijana mweusi wa miaka 15, Rolan Adams, alichomwa kisu akauawa hapa hapa Thamesmead na kundi la vijana wa Kizungu. Alikuwa na mdogo wake wa miaka 14, ambaye alinusurika kwa kukimbia. Mmoja wa washambuliaji alihukumiwa kifungo cha maisha. Miaka miwili baadaye, Aprili 1993, Stephen Lawrence, miaka 18, aliuawa katika mtaa wa Eltham, ambao hauko mbali na hapa. Wazazi wake walihangaika karibu miaka 19 hadi Januari 2012, ndipo wawili wa waliomuua wakatiwa hatiani.

Tunayataja haya ili msomaji aelewe kuwa katika mji huu mtu akisimama na kusema mpende adui yako, anayesema anapaswa kujua anachosema. Mbele yake wapo waliozika watoto. Deni letu la upatu ni dogo mno ukilipima na misiba ya namna hiyo. Hata hivyo, mtu asiyeweza kumpenda aliyemla pauni mia, atawezaje kusimama siku ya jambo kubwa?

KUPENDA NI NINI?

Tatizo moja tunalo katika lugha yetu wenyewe. Tunasema tunapenda wali wa nazi, tunapenda mpira, tunampenda mama, na kwa neno hilo hilo tunaagizwa tumpende adui. Kwa hiyo mtu akijichunguza na kuona kuwa hamfurahii jirani yake mkorofi, anadhani ameshashindwa, anaacha.

Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, lugha yenye maneno kadhaa ya upendo. Neno lililotumika katika Mathayo sura ya 5, pale Yesu anapoagiza kuwapenda adui, ni la upendo ule unaoitwa agape. Walimu wengi wa Biblia hulieleza kuwa ni upendo wa nia na matendo, yaani kumtakia mtu mema na kumtendea mema hata kama moyo haujachangamka. Mfano anaoutoa Yesu mahali hapo ni wa jua na mvua, ambavyo Mungu huwapa wema na wabaya bila kuwachagua. Sisi tunaokaa London tunauelewa mfano huo upande wa mvua!

Basi hatukuagizwa kumfurahia mtu mgumu, wala kucheka naye kwa unafiki, wala kujifanya hakutuumiza. Tumeagizwa tusimtoe katika hesabu ya watu tunaowatakia mema. Upendo wenye masharti husema: lipa kwanza, omba radhi kwanza, badilika kwanza. Upendo usio na masharti hauanzi kwa kumdai mtu.

ASKOFU ALIYEKIMBILIA LONDON

Afrika Mashariki tunaye shahidi wa jambo hili, na sehemu ya ushahidi wake ilitokea katika jiji hili hili la London. Ni Askofu Festo Kivengere wa Uganda.

Kivengere alizaliwa mwaka 1919 Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Kwa Watanzania si mgeni, kwani alifundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, na mhubiri Billy Graham alipofika Tanganyika mwaka 1960 ni yeye aliyemtafsiria kwa Kiswahili. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi, wakati Rais Idi Amin alikuwa ameshashika nchi kwa mkono wa chuma.

Mapema mwaka 1977 maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Amin barua kulalamikia mauaji na unyanyasaji wa wanajeshi. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Ni wachache walioamini, kwani habari za majeraha ya risasi zilienea upesi. Leo sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, ambako imekuwapo tangu mwaka 1998, na Uganda humkumbuka kila tarehe 16 Februari kwa sikukuu ya taifa.

Kivengere alionywa kuwa zamu yake imefika. Usiku, yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu hadi Rwanda, na kutoka hapo wakawa wakimbizi. Ijumaa Kuu ya mwaka ule, tarehe 8 Aprili 1977, askofu alikuwa ameketi ibadani katika kanisa la All Souls, Langham Place, jirani na jengo la BBC. Alieleza baadaye kuwa moyo wake ulikuwa umeanza kuwa mgumu. Chuki juu ya Amin ilikuwa inamla yeye mwenyewe, wakati Amin aliyeko Kampala hata habari hana. Akisikiliza jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliokuwa wanamsulubisha, aliona kwamba hana ruhusa ya kumtoa Amin nje ya maombi yale. Mwaka huo huo akatoa kitabu chenye jina lililowashtua wengi: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin.

Msomaji zingatia mambo mawili. La kwanza, Amin hakuwa ameomba radhi. Aliangushwa Aprili 1979, akakimbilia Libya na kisha Saudi Arabia, akafariki Jeddah Agosti 2003 bila kufikishwa mahakamani. Kama Kivengere angengoja aombwe radhi, angefariki akingoja, maana yeye mwenyewe aliaga dunia mwaka 1988.

La pili, Kivengere hakurudi Kampala kumkumbatia Amin. Alibaki uhamishoni mpaka utawala ule ulipoanguka. Aliendelea kuueleza ulimwengu kinachotendeka Uganda na kuwatafutia wakimbizi msaada. Alisamehe, lakini hakunyamaza na hakujipeleka kuchinjwa.

UPENDO SI UJINGA

Tunalisisitiza hili la pili kwa sababu mahubiri ya upendo yameumiza watu pale yalipotolewa nusu nusu. Tunawafahamu kina dada waliokuwa wakipigwa majumbani mwao hapa hapa Uingereza wakaambiwa wavumilie, wampende mume, Mungu atambadilisha. Wengine walinyamaza kwa hofu ya makaratasi. Huo si upendo tunaouzungumzia. Anayepigwa na apige simu 999, atoke ndani ya nyumba hiyo, na kanisa limsaidie kutoka. Kumzuia mtu asiendelee kutenda uovu nako ni kumtakia mema.

Vilevile tusichanganye kusamehe na kuamini. Msamaha unaweza kuutoa leo peke yako chumbani. Uaminifu hujengwa na watu wawili, na hujengwa polepole. Aliyekula fedha za upatu anaweza kusamehewa asubuhi, lakini jioni asipewe daftari la upatu mwingine.

Jambo jingine: msamaha haulazimishwi. Julai 2005 Anthony Walker, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa kwa shoka Huyton, karibu na Liverpool, kwa sababu ya rangi yake. Mama yake, Gee Walker, Mkristo, alitangaza baada ya wauaji kutiwa hatiani kwamba amewasamehe. Wauaji hao walipewa kifungo cha maisha, naye mama hakuomba wapunguziwe. Mwezi ule ule mabomu ya tarehe 7 Julai yaliua watu 52 hapa London, akiwemo Jenny Nicholson, miaka 24. Mama yake, Julie Nicholson, alikuwa mchungaji huko Bristol. Mwaka uliofuata aliacha uchungaji wa kanisa lake kwa sababu hakuweza kusimama mbele ya waumini kuongoza ibada ya amani na msamaha ilhali moyo wake haujasamehe.

Sisi hatumnyoshei kidole mama huyo. Alikataa kusema kwa mdomo jambo ambalo moyoni halipo, na huo nao ni uaminifu. Aliyeumia ndiye mwenye kidonda. Kazi ya wengine ni kukaa karibu naye.

TULIVYOAMUA

Turudi kwenye upatu wetu. Jumamosi ile tulikutana watu tisa sebuleni kwa kijumbe. Chai haijamiminwa, kaka mmoja kutoka Tanga, Mwislamu, akaweka pauni ishirini mezani. Akasema yeye ana zamu ya kazi, hawezi kukaa, na kwao msiba hauulizi deni. Akaaga. Sisi Wakristo sita tukatazamana. Tulikuwa tumekuja tayari kwa mjadala mrefu, na mwenzetu kamaliza kabla hajavua koti.

Mjadala ulikuwepo hata hivyo. Wapo waliosema tukimchangia tutakuwa tumewafundisha wengine kula upatu. Wapo waliotaka deni likatwe humo humo kwenye rambirambi. Mwisho tukakubaliana mambo matatu.

Kwanza, rambirambi itatolewa kama kwa mfiwa mwingine yeyote, lakini itatumwa moja kwa moja kwa dada yake mkubwa aliyeko nyumbani, anayesimamia mazishi. Mikononi mwake yeye haitapita. Pili, wawili wetu watakwenda kukaa naye, na katika siku za msiba neno la deni halitatajwa. Tatu, deni linabaki kwenye daftari kama lilivyo, na hataingia upatu mwingine na sisi mpaka alimalize.

Tulipofika kwake, chumba kimoja katika nyumba ya kupanga, alifungua mlango kidogo akauliza, "Mmekuja kudai?" Tukamjibu tumekuja kuhani. Alisimama pale kwa muda, kisha akafungua mlango wote. Hakukuwa na kiti cha pili, tukakaa kitandani. Alilia kama mtoto, kwa sababu hana makaratasi ya kusafiria na mama atazikwa bila yeye. Ndipo tulipofahamu kwamba kwa siku mbili alikuwa na msiba peke yake. Hatukuwa tumemsamehe vizuri hata wakati ule, tukiri wazi. Njiani tulikuwa bado tunanung'unika. Lakini ni vigumu kumchukia mtu uliyeketi naye kitanda kimoja akimlilia mama yake.

Si mbali na kituo cha Abbey Wood kuna magofu ya monasteri ya Lesnes. Ilianzishwa mwaka 1178 na Richard de Luci, hakimu mkuu wa mfalme Henry wa Pili, na inasemekana aliijenga kwa toba, kwa vile alikuwa upande wa mfalme katika ugomvi uliomaliza maisha ya Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa Desemba 1170. De Luci mwenyewe aliingia humo na kufia humo mwaka uliofuata. Tukipita pale huwa tunafikiri kuwa mkosaji anaweza kurudi kama kuna mahali pa kurudia. Kumpenda mtu mgumu ni kumwachia mahali hapo, hata kama hujui atarudi lini.

Msomaji atauliza kama fedha zimelipwa. Hapana. Mpaka tunaandika makala haya ndugu yetu hajalipa hata senti moja, na daftari lipo. Kilichobadilika ni kwamba sasa akituona Abbey Wood hageuzi uso, na simu akipigiwa anapokea. Kama tungekuwa tumefanya biashara, tungesema tumepata hasara. Lakini hatukufanya biashara.

Na yule dada wa zamu ya mwisho? Hakutoa fedha, na hakuna aliyemlazimisha. Jumapili ya matanga alitoka kazini alfajiri bila kulala, akapika sufuria kubwa la pilau, akalibeba kwenye basi hadi kwa mfiwa. Tulipomuuliza kilichombadilisha, alituambia hajabadilika, bado ana hasira na siku moja atamwambia ana kwa ana. "Lakini marehemu," akasema, "hakula upatu wetu."

Ndugu msomaji, nawe bila shaka unaye mtu wako mgumu: shemeji, jirani wa ghorofa ya juu, bosi, au muumini mnayeketi naye benchi moja. Usingoje umpende moyoni ndipo umtendee jema. Anza na jambo dogo moja wiki hii, hata kama ni salamu tu.